Mkebe wa Nne

Sinema ya Taibali ilikuwa ghala la pamba kwanza.
Ukikaa benchi la mbele nyuzi zilikupanda puani,
ukapiga chafya bastola ikilengwa.
Ukuta ulipakwa chokaa kila Idi
ila ufa mmoja haukukubali kuzibika:
kila shujaa aliyepita pale
alipata kovu shavuni.

Picha zilitoka Mombasa juu ya basi,
mikebe sita ya bati, imefungwa kwa kamba ya kumba.
Mwaka wa mvua kubwa, feri ya Kilifi ikayumba,
mkebe mmoja ukazama.
Utingo aliapa kwa msahafu na kwa kaya,
kote asisikilizwe.

Mwaringa wa mashine hakuwa na la kufanya.
Baada ya wa tatu akaweka wa tano.

Ilikuwa Jumatano, siku ya wanawake,
mabuibui toka Shela hadi Barani,
nami nimepakatwa, njugu mkononi.
Bi harusi amesimama mlangoni, chozi linaanza,
taa ikapepesa,
na mara ana mtoto mgongoni, ana mvi,
mume yuko jela.

"Ala! Yamepita mangapi?"

Hakuna aliyedai senti zake hamsini.
Walikwenda na lile pengo majumbani.

Mama alisema: alimsamehe, ndipo wakazaa.
Shangazi Barke: Hakusamehe!
Hukuuona mkono ulivyoishika sufuria?
Walibishana wakichambua mchele,
walibishana matangani, kwa kunong'ona,
hata mwaka Barke alipopewa talaka tatu
mkebe wa nne ukageuka:
sasa bi harusi aliuza bangili,
akapanda treni peke yake, usiku.
Siku hiyo mama hakubisha.
Alichambua kidogo, akasema,
"Na alikata tiketi ya daraja la pili."

Leo ghala linauza magodoro.
Ufa ungalipo, nyuma ya yale ya futi sita.

Juzi mjukuu wangu kaitafuta picha ile, kaipata,
nzima, imo ndani ya simu kama kokwa.
"Tazama, bibi. Hakuna kilichokatwa."
Nikatazama mpaka pale mlangoni,
chozi linaanza,
mkono unakaribia kitasa.

Nikamrudishia simu yake.
Nikavuta ungo,
ingawa mchele wa siku hizi
hauna hata chuya.