Mkanda

Mama alikuwa na santuri kumi na moja
na mashine moja iliyokatika mkanda.
Akaiunga kwa mpira wa kiuno cha sketi kuukuu,
na tangu siku ile, nyumbani kwetu, mtaa wa Obrero,
kila mwimbaji alikimbia
kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Hakuna aliyelalamika. Cali ni mji mkali,
hata miguu yake haina subira.
Don Eliécer, fundi viatu wa jirani,
alikuja na soli mpya, akazijaribu
juu ya saruji yetu hadi saa nane za usiku.

Humo ndimo nilimojifunza rangi.
Shuleni walinipa chungwa,
wakasema: chora chungwa.

Sasa nina miaka hamsini na miwili, nina karakana
juu ya duka la vipuri vya pikipiki,
na turubai la mita mbili kwa tatu limelala sakafuni,
kwa sababu likisimama rangi hutiririka,
nami sipendi kitu kiamue
kabla yangu.

Naweka sindano.
Wimbo wa kwanza sishiki brashi. Nafagia tu.
Wa pili nachanganya besi:
kahawia ya kahawa iliyoungua, na tone la kijani
isije ikanyamaza ikikauka.
Tarumbeta, watu hudhani ni manjano.
Tarumbeta ni weupe wenye makali,
naupaka kwa kisu cha siagi, mbio, nimebana pumzi.
Ngoma sizipaki. Ngoma ni magoti yangu:
palipobonyea rangi ikiwa mbichi
pamebaki mashimo, na mashimo hayo siyafukii.
Kengele ni pale ninapoacha turubai tupu.
Mara nne.
Ya tano ingekuwa kiherehere.

Alikuja bibi mmoja wa jumba la sanaa, Señora Zúñiga,
akalizunguka turubai kama anayekagua gari la mkopo.
Hii ni nini?
Upande wa pili, nikamjibu, wimbo wa tatu.
Mbona sioni kitu?
Vua viatu.
Hakuvua.

Halafu juzi, kwenye foleni ya buchani,
redio ya muuza nyama ikaupiga wimbo ule ule,
ule ambao mama alimenyea ndizi,
lakini polepole, kwa mwendo wa aliyeuimba,
na sauti niliyoijua ya kitoto, ya kuchekacheka,
ikawa ya mwanamume mzima, nzito,
na mwanamume yule alikuwa anamzika ndugu yake.

Miaka arobaini nimecheza matangani
nikidhani ni harusi.

Nikasahau chenji. Nikasahau na ini lenyewe.
Nikapanda ngazi, nikasimama mbele ya pinki yote ile.
Nikachukua kisu, nikakwangua kona ya chini, kushoto,
eneo la ukubwa wa kiganja.
Chini yake kulikuwa na kijivu
ambacho sikumbuki nilikiweka lini.
Nikaacha hapo.

Maana mkanda mpya ulikuwepo.
Don Eliécer alimletea mama mwaka ule ule mashine ilipoharibika,
akamwonyesha jinsi ya kuuvisha.
Mama akashukuru, akautia kwenye droo ya mishumaa,
na tulipokuja kugawana vyombo baada ya maziko
dada yangu Yamileth aliukuta ndani ya karatasi yake,
gundi haijaguswa.

Angeweza.
Jioni yoyote angeweza.

Leo nimeuchana ule mfuko, nimeivisha mashine.
Mpira wa sketi nimeuweka mfukoni.
Turubai jipya, halijapigwa hata msingi.
Naweka sindano.
Mkono umezoea kukimbia, na huyu bwana anatembea,
anasimama, anavuta pumzi, anatembea tena,
nami nimeinamia pale na brashi iliyojaa,
na rangi inaanza kukauka kwenye manyoya
kabla hajafika kwenye jina la marehemu.