Soli ya Zamu ya Usiku

Kazi yangu ni kusoma.
Wenzangu hapa Felgueiras wanakata ngozi, wanashona, wanabandika;
mimi nimekaa ghorofani, juu ya harufu ya gundi,
nasoma wanayosema waliokwisha kuvaa.

Jumatatu hii ni elfu kumi na moja, mia nne na tisini.
Nyota tano. Nyota moja. Jedwali la Madrid lenye safu mia mbili.
Picha ya kisigino chenye lengelenge,
picha ya paka aliyelala ndani ya buti:
huyu naye mashine imemweka kwenye "mteja ameridhika."
Mashine tuliinunua kwa pesa nyingi ipange dunia kwa rangi,
na ukuta wa Bwana Abílio unawaka kama mti wa Krismasi
ambao chini yake hakuna zawadi.

Enzi za baba yake, nasikia,
mteja alikuja na mguu wake.
Alikaa kwenye kigoda, akavua soksi,
fundi akabonyeza. Hapa? Hapana. Na hapa?
Aah.
Hiyo "aah" ndiyo ilikuwa ripoti ya mwaka.

Sasa tunazo "aah" kwa maelfu, na hatuna mguu.

Februari, mvua ikichapa madirisha,
mashine ikazimika (bili, au laana, sijui).
Nikasoma mwenyewe, mmoja mmoja, kama anayechambua mchele,
nikamfikia Lieselot Verhaeghe, muuguzi, Ghent.
Nyota nne. Kijani. Mashine ilishampita zamani.
"Viatu vizuri, miguu haiumi.
Ila saa tisa usiku vinalia kwi, kwi wodini,
na mzee wa kitanda cha sita huamka akimwita chiriku wake."

Nikavaa jozi ya sampuli. Nikamwaga maji koridoni.
Kwi. Kwi.
Miaka mitatu tunaviuza, na hakuna aliyewahi kuvisikia:
huku chini cherehani zinanguruma kutwa.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
sembuse wodi usiyoikesha.

Lakini kelele hiyo niliwahi kuisoma mahali.
Siku mbili nikichimba, nikaikuta kwenye kapu la barua taka,
kati ya muuza bima na muuza nywele za bandia:
Delfim Raposo, wa São João da Madeira,
anayetuletea soli tangu sijaajiriwa.
Ameandika mara tatu, kwa adabu, kila mara kwa ufupi zaidi:
"Nimechanganya mpira mpya. Haulii kwenye majimaji.
Sijui una kazi gani. Pengine ninyi mnamjua mtu."

Tulimjua. Naam, tulikuwa naye.
Swali na jibu, wapangaji wa nyumba yetu moja,
wamepishana ngazini miaka miwili bila kuamkiana.

Bwana Abílio alitaka kwanza tuunde kamati.
Mimi nikapiga simu.

Delfim akaja na soli sita ndani ya mfuko wa mkate.
Tukazishonea viatu, tukaviandika namba kwa wino, vikaenda Ghent.
Lieselot akajibu kwa haraka ya mtu aliye zamuni:
Ya pili inateleza kwenye damu.
Ya tano imenyamaza, lakini nzito kama deni.
Ya sita, nani kaiweka rangi hii?
Delfim akacheka, akakasirika, akarudi kwenye masufuria yake.
Wakaanza kuandikiana wenyewe, yeye kwa Kifaransa kibovu,
Lieselot kwa michoro ya unyayo;
nami nikabaki nimeshika mlango tu.

Namba tisa ilipofika huko, hakuandika neno.
Alituma sauti, dakika nzima.
Mashine, iliyokuwa imefufuka, ikaipa rangi ya kijivu: "tupu."
Tukaisikiliza tumesimama, watu watatu na simu moja.
Mtu anakoroma kwa mbali. Dripu. Mlango unafungwa taratibu.

"Mbona hamna kitu?" akauliza Bwana Abílio.

Delfim akainua kidole.
"Nyamaza. Anatembea."