Si Uchafu

Saa tisa usiku mashine imelia:
chupa ya Limbu, wodi ya watoto, kitanda cha dirishani.
Nimetandaza tone kwenye kioo, nimelitia rangi.
Vijiti vya zambarau, vyembamba, vimelala sambamba
kama kuni za mtu asiye na haraka.

Nikasema, uchafu. Nikasema, ngozi haikufutwa vizuri,
sindano imepita na vyake.
Kisha chupa ya pili, ya mkono mwingine, nayo ikalia.

Nawajua hawa.
Ndio waliogandisha maziwa ya bibi yangu kule Ngudu,
kibuyu kimefukizwa moshi, kimening'inia nyuma ya mlango,
tukinywa hadi tunaota masharubu meupe,
wala hawakutudai.
Wamo tumboni mwangu hata sasa,
wapangaji wa miaka arobaini
ambao hawajawahi kupandisha sauti.

Ila kwa Limbu hakuna mlinzi.
Dawa ya saratani imefagia askari pamoja na wezi;
juzi nilihesabu chembe zake nyeupe,
nikarudia, nikidhani nimesinzia.
Nyumba ikikosa mlango, hata jirani mwema
hujikuta sebuleni, kisha chumbani,
kisha kitandani, amejifunika shuka.

Mama yake, Ng'washi, huja kila Jumanne
na kidumu cha mtindi amekifunga kwa khanga.
"Chakula anakataa. Hiki anakinywa."
Nilimkuta siku moja kwenye mlima wa Bugando akihema,
ziwa zima liko mgongoni mwake,
hakugeuka kuliangalia.

Labda ni kidumu. Labda ni utumbo wenyewe,
dawa imeuchubua, waliokuwa ndani wakavuka.
Hadubini haiwaulizi walikopanda.

Nampigia Daktari Rwegoshora:
hiyo dawa ya bei mliyomtundikia, hawa hawaisikii.
Mpe pensilini.
"Pensilini? Hii hii?"
Hii hii.

Kunapambazuka. Huko Kamanga kivuko kimepiga honi,
na mimi bado nina fomu mbele yangu, sehemu ya maoni.
Nimeandika: *si uchafu*.
Nimeongeza: *mtindi usitishwe kwa sasa*.
Fomu haina mstari wa kusema
nani atamwambia mama, wala kwa maneno gani.

Nimetazama kalenda ukutani.
Jumanne.