Isipokuwa Kifuniko

Jumatatu makumbusho hufungwa. Ndiyo siku yangu:
ndoo, nta, shati kuukuu la pamba.
Vumbi la Lubumbashi halina adabu,
linapita chini ya mlango bila tikiti
na kukaa kwenye viti vya ngozi
ambavyo babu yangu hakuwahi kuvikalia.

Motokari ni ndefu kuliko nyumba yetu ya Katuba.
Viti saba, turubai limekunjwa nyuma,
taa mbili za kabaidi zilizotoka nje kama macho ya chura,
magurudumu ya mti, njiti kumi na mbili kila moja.
Honi ina puto la mpira lililokauka zamani;
ukiliminya linatoa pumzi tu,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Kibao kinasema: *zimebaki tatu duniani.*
Kinataja mwenyewe, bwana wa reli,
na stesheni iliposhushwa ndani ya sanduku
lililosimamisha soko zima.
Mwishoni, kwa herufi ndogo:
*vipande vyote ni vya asili, isipokuwa kifuniko cha rejeta.*

Babu yangu anakaa ndani ya neno hilo.
Hana pengine.

Aliitwa Kisimba. Daftarini, boyi-motokari:
mshahara wa kucheka, posho ya unga wa bukari.
Kila alfajiri alizungusha mkono wa chuma
mpaka injini ikohoe.
Siku moja mkono ule ulirudi nyuma, teke la punda,
ukamvunja kifundo, kikaunga upande.
Hadi anakufa alisalimia watu kwa kiganja kilichopinda,
kama anayekupa kitu kwa siri.

Juu ya rejeta alikuwapo ndege wa fedha.
Masika, kwenye kivuko cha Lufira,
mbao zililegea, motokari ikainama,
mvuke ukarusha kifuniko,
na ndege akaruka, mara yake ya kwanza na ya mwisho.
Bwana alitukana kwa lugha mbili.
Babu alipiga mbizi mara tatu.
Akapata mawe, na kiatu cha mtu.

Usiku alikwenda kwa shemeji yake, nyuma ya tanuru.
Shaba ilitoka wapi, tusiulizane;
kwao waliyeyusha shaba
kabla reli haijajua njia ya kuja huku.
Hakutengeneza ndege.
Alitengeneza kifuniko: duara, kizito,
na juu yake shimo dogo la dole gumba,
maana aliugusa udongo wa kalibu
kabla haujakauka.
Au aliugusa makusudi. Hakusema, na mimi sikumkuta.

Mwaka jana alikuja mtaalamu kutoka ng'ambo
na ndege mpya ndani ya kasha la mahameli.
Akamkaza. Hakuingia.
Akamkaza tena, jasho likamtoka.
Mdomo wa rejeta ulichongwa upya kwa tupa,
uzi kwa uzi, na mtu aliyeshika tupa kwa mkono mbovu.
*Nani aliiharibu hivi?* akauliza.
Mkurugenzi akanitazama.
Nikasema mlango wa nyuma haujafutwa bado,
nikaenda kuufuta.

Ndege amelala ofisini, kwenye droo,
pamoja na risiti za umeme na funguo zisizo na kufuli.

Shaba ukiiacha inageuka kijani,
kama yale mawe wanayouza watoto barabarani kwenda Likasi.
Sitaki ionekane tumechoka.
Nang'arisha taa, nang'arisha honi,
nang'arisha kifuniko kuzunguka kote,
isipokuwa pale kwenye dole.
Pale naacha kijani kikae.
Nimeshajaribu kuweka dole langu. Linapwaya.

Jumanne, saa tatu, nafungua.
Watoto wa shule wanampita mwalimu wao mbio,
hakuna anayesoma kibao.
Mmoja, soksi zimeshuka, anafika kwanza kwenye honi,
anaiminya kwa mikono miwili.

Pumzi.

Anacheka, anaiminya tena.