Risiti ya Kifusi

Nalitupa mimi. Nikiulizwa, sikani.
Lori la tani saba, taa zimezimwa,
saa tisa za usiku, nyuma ya Tudor.
Ngowa ashuka kufungua bodi
na nyumba ya mtu yamiminika mikokoni:
mawe ya matumbawe, chokaa, vigae vya choo,
mara moja kiatu cha mtoto, kimoja.
Kaa walitawanyika kama wachuuzi walioona askari wa kaunti.
Mia nane kwa safari, na chai.

Sasa kaunti imeleta karatasi.
Ukitaka kubomoa, kwanza uhesabu.
Hupewi kibali mpaka useme
kipi kitatoka kizima, kipi kitasagwa,
na amana yako yakaa kwao
hadi urudi na risiti ya mzani
kutoka Miritini, kwenye mashine ya kusaga.
Tulicheka sote pale tunapoegesha malori.
Tangu lini serikali ikadai kifusi kama inavyodai kodi?

Shekue, mwenye nyumba ya Bondeni, hakucheka.
Amana yake ni laki mbili.
"Msellem," akaniambia, "ukinitupia hata jiwe moja majini,
utalifuata kwa kupiga mbizi."

Karani alikuja Jumanne, Riziki Mwachiro,
buti za mpira, penseli sikioni,
akapanda darini kabla yetu.
Fomu ina safu zake: kifaa, idadi, hali, asili.
"Boriti, sitini na mbili. Hali, nzuri. Asili?"
Akamulika tochi.
Tukaona matundu ya misumari isiyo ya nyumba hii,
chale za bawaba za mlango usiokuwapo,
na tarakimu za lami, za bohari gani sijui,
zasomeka kichwa chini.
Boriti zile zilishakuwa nyumba nyingine.
Labda mbili.
Babake Shekue hakuwa na sera.
Alikuwa na mkokoteni, na jamaa aliyemnong'oneza:
kuna banda lavunjwa, wahi.
Riziki alikaa kitambo. Safu ilikuwa nyembamba.
Akaandika: *nyumba*.

Siku kumi na moja tuliivua
kama umvuavyo mgonjwa kanzu, mkono kwanza, kisha mkono.
Ngowa alinung'unika:
tingatinga lingemaliza kabla ya adhuhuri.
Kweli. Na kweli pia vumbi lile
limemwachia kikohozi hadi leo,
na fomu haikuwa na safu ya kifua.

Mzani ukasema tani thelathini na nne.
Zilizosagwa zitalala chini ya barabara, Mshomoroni.
Boriti zimevuka Likoni kwa mjane anayeongeza vyumba.
Mlango ulichukuliwa na hoteli; mlango haujawahi kukosa mchumba.
Shekue alirudishiwa amana, pungufu elfu kumi na mbili
"za huduma", wala hakuna aliyejua huduma gani.
Mimi nililipwa safari tano, mchana kweupe.

Sikuokoka. Nisemwe nilivyo:
karatasi ilinifanya mwema
siku wema ulipoanza kulipa kuliko giza.

Juzi, maji yalipokupwa, nilishuka nyuma ya Tudor.
Kifusi changu kiko pale pale.
Mkoko mmoja umechipua kati ya vigae vya choo,
majani mawili, mabichi, bila kibali.
Nikachutama kwenye tope, na kwa mazoea
nikaanza kuhesabu
kipi kingetoka kizima.