Njia ya Kitana

Shusha kidevu. Siyo hivyo, umekimeza.
Kitoe mbele kidogo, kama kobe anayechungulia mvua,
kisha tazama runinga hapo pembeni ya kamera.
Unajiona? Ni wewe, sasa hivi, papo kwa papo.

Waya huu mweusi niliununua Yerevani
baada ya kuchoka kusema "geuka, siyo huko, huko."
Tangu hapo wateja wananyooka wenyewe:
maharusi wanagundua wana mabega,
mwanajeshi mmoja alijifunza kupumua.

Lakini Vardges, fundi lipu,
chokaa ingali kwenye mikunjo ya vidole,
alinyanyua mkono afunge kola
akaishia kupapasa sikio.
"Huyu anakwenda kinyume," alisema.
"Huyu si mimi."

Nikamweleza: kioo cha bafuni hukugeuza,
kamera haigeuzi. Hivi ndivyo tunavyokuona
sisi wa Gyumri ukija kudai malipo yako.
Hakucheka.
Aligusa nywele, njia ya kitana, upande wa kushoto,
na kule kwenye runinga mkono ukaenda ng'ambo.

"Tulikuwa wawili," alisema, akiiambia runinga, si mimi.
"Mama alinichana kushoto, Horen kulia,
ili mwalimu asimchape asiye na kosa.
Bado alikosea."

Kisha kimya. Gyumri hatumuulizi mtu wa umri ule
ardhi ilimchukulia wangapi.

Nilichelewa kuelewa, mimi ninayekula kwa kuona:
kila asubuhi, wembe mkononi,
katika kioo cha bafuni,
njia ya kitana ilikuwa ya Horen.
Miaka thelathini na kitu amekuwa akimnyoa nduguye ndevu,
akizeeka naye, kunyanzi kwa kunyanzi.
Na leo mimi na waya wangu tumemletea mgeni.

Kuna kitufe. Kidogo, nyuma ya kamera,
sikuwahi kukitumia.
Nikakibonyeza. Picha ikageuka.

Sikumwambia tena neno kuhusu kidevu.
Mabega yalishuka yenyewe, kama magunia yaliyofikishwa ghalani.
Jicho la kushoto, lile linalosinzia, likaamka.
Hakuiangalia lenzi; kwa kanuni ningeirudia.
Nikapiga hiyo moja tu.

Binti yake kule Marsei atapata ile ya kweli,
kama kamera inavyoihifadhi, njia kushoto:
aibandike kwenye friji, aseme baba amenenepa.
Ya pili, ndogo, iliyogeuzwa,
aliitaka iingie kwenye pochi.
Alilipia zote mbili, akagoma kupunguziwa,
akavaa koti,
akasimama mlangoni, asijue
komeo hufunguliwa kwa mkono upi.