Macho ya Ukuta

Kibanda changu kimebanwa, kituo cha mabasi cha Retiro,
kati ya muuza mikate na choo cha kulipia.
Nauza soksi, betri, sigara mojamoja,
lakini anayenilisha ni huu ukuta:
soketi sita, malipo kwa nusu saa,
bei naibandika upya kila Jumatatu.

Soketi za Ajentina zina macho yaliyolegea,
pembe za ndani juu, za nje chini,
uso wa mtu aliyeijua barua kabla hajaifungua.
Wageni huzicheka, huzipiga picha.
Kisha simu inazima,
na kicheko nacho kinazima.

Mbrazili huja na meno matatu ya mviringo,
la katikati limerudi nyuma kidogo
kama mtoto asiyetaka kupigwa picha.
Mjerumani ana mfuko mzima wa adapta,
kila moja na kibandiko chake;
aliyoisahau ni ya hapa tu.

Saturnina Quisbert alishuka kwenye basi la La Quiaca
siku ya Jumanne, miguu imevimba,
mzigo mgongoni ndani ya kitambaa cha mistari.
Daraja la mpakani alilivuka na asilimia arobaini.
Hapa alifika na mbili.
Chaja yake ya Oruro: meno mawili bapa,
wima, sambamba,
mapacha waliovalishwa kwa ajili ya kanisa.
Aliyasukuma ukutani. Ukuta ukakataa.
Akasukuma tena, taratibu,
kama mtu anayedhani kosa ni la mkono wake.

Adapta yangu ya mwisho ilikuwa imepanda basi la Rosario
mfukoni mwa mwanafunzi mmoja mwenye adabu nyingi.
Kukopa harusi, kulipa matanga.

“Namba ya binti?” nikamuuliza.
Akaigonga simu kwa ukucha. “Imo humu.”
“Na mtaa anaokaa?”
“Humu.”
Sikumcheka. Zamani nilizijua kichwani namba za watu kumi.
Siku hizi najua moja, ya marehemu mke wangu,
na hiyo haipokelewi.

Nikatoa koleo.
“Mama, nitayapinda.”
“Yatanyooka tena?”
Nikasema ndiyo, kwa ile sauti ya fundi
ambayo hata fundi mwenyewe haiamini.
Jino la kushoto nikalizungusha, chuma kikalia kidogo.
La kulia likawa kaidi.
Yeye alitazama pembeni,
kama mzazi mtoto wake anapochomwa sindano.

Yakaingia.

Tukangoja. Simu ya zamani haiamki kwa kuitwa mara moja.
Akafungua mzigo, akanipa gao la mahindi ya kukaanga,
magumu, ya chumvi; tukatafuna bila neno,
macho yetu manne yakiutazama mstari mmoja mwekundu.
Halafu kioo kikawaka, ufa wake ukawaka pia,
na ujumbe ukaanza kudondoka:
mama uko wapi,
mama nimemaliza kushona naja,
mama,
mama nipo mlango wa tatu.
Kumi na saba. Nilizihesabu kwa milio.

Alipompata hakusimulia mpaka, wala miguu, wala koleo.
Alisema, “Benita, nimeshakula.”

Wiki tatu baadaye nikamwona tena,
tiketi ya kurudi imechomekwa kwenye utepe wa kofia.
Nikadhani amekuja kunidai ahadi.
Nikalitafuta koleo chini ya soksi,
nikiomba kimoyomoyo meno yale yasikatike,
maana chuma kilichopindwa kina kumbukumbu,
na mara ya pili hakisamehe.

Akaushika mkono wangu.
“Yaache hivyo hivyo.
Oruro nitaomba chaja kwa jirani.
Benita ana mimba ya miezi sita.”

Akanunua soksi ndogo kabisa niliyokuwa nayo,
ambayo si ndogo vya kutosha,
akapanda basi.

Jumatatu bei ikapanda tena.
Nikabandika karatasi mpya chini ya yale macho,
nikakaa, nikasubiri wa kuja kuyacheka.